Herufi Iliyopungua

Surabaya,
kwa lugha niliyonyonya, jina lako
limepungukiwa herufi moja tu kuwa tusi.

Siku nane meli yetu ilitia nanga nje ya Tanjung Perak
ikingoja gati,
na mimi, fundi wa mtambo uliozimwa,
sikuwa na kazi ila kukutazama
na kuitafuta ile M.

Niliitafuta kwenye kreni zako
zinazoinama na kuinuka
kama watu wanaookota mchele uliomwagika.
Niliitafuta kwenye makontena, kutu juu ya kutu,
na kwenye maji yaletayo kutoka mtoni
kandambili za kushoto, za kushoto tu,
sijui za kulia huenda wapi.
Usiku ulikuwa na taa nyingi kuliko haja.
Sikuiona.

Siku ya tisa tukapewa ruhusa ya kushuka.
Wenzangu wakaenda madukani.
Mimi nikapanda feri ya kwenda Kamal, ng'ambo, kisiwani Madura:
feri pana ya malori, iliyobeba pikipiki nne,
mbuzi mmoja wa kamba ya plastiki,
harufu ya sigara za karafuu,
na Maisaroh, na ndoo yake,
na pakiti za kahawa zilizoizunguka ndoo kama tasbihi.

Kahawa yake hainywewi, hungojewa:
unga sharti uzame kwanza.
Tukangoja.
Hatukuwa na lugha. Tulikuwa na chenji.

Alinyoosha kidole juu: bendera.
Bendera, nikasema.
Akagonga ubao: meja.
Nikamrudishia meza.
Kabar, habari. Waktu, wakati. Kertas, karatasi.
Halafu akazoa kwa mkono mmoja
bahari, moshi, matangi ya mafuta, mbuzi, mimi:
dunia.
Dunia, nikasema,
na mbuzi akalia.

Palikuwa na mwanafunzi, Fathor,
mwenye Kiingereza cha shule na viatu vya kuazima.
Kupitia kwake Maisaroh akasema:
Zamani feri zilipishana kutwa kucha,
mtu akikohoa huku, anayetikisika yuko kule.
Nilimaliza ndoo mbili kabla ya adhuhuri.
Kisha wakajenga lile.

Mashariki, mbali, daraja
lilikuwa mstari uliochorwa na mtu mwenye haraka.

Mwanangu Sahruji hupaka rangi vyuma vyake,
ananing'inia kwa kamba.
Lilikula kazi yangu, likamwajiri mwanangu.
Nimnunie nani?

Sikuwa na jibu, nikanywa, nikatafuna unga.
Kumbe sikungoja vya kutosha.

Akauliza: na kwenu, jina la mji huu lina maana gani?
Sisi huambiwa papa alipigana na mamba.
Nilitaka kudanganya. Nilishaandaa neno,
subira, neno zuri, lisilomdhuru mtu.
Lakini Fathor alikuwa amefungua kinywa, anangoja kubeba,
na sikuweza kumtwisha mtoto mzigo wa uongo.
Nikasema kweli: herufi moja tu,
mngekuwa sura mbaya.

Fathor alitafsiri polepole, akitazama viatu.

Maisaroh akaugeukia mji.
Akautazama wote, mabomba ya moshi,
maghala yenye mabati yaliyoparama,
kama mtu anayemtazama nduguye akiwa amelala.
Kisha akacheka, akacheka
mpaka akashika kamba ya mbuzi asianguke.

Mwambie herufi hiyo haijapotea.
Iko kwetu, ng'ambo. M ya Madura.
Ndiyo waliyoijengea daraja.

Feri ikagusa Kamal, minyororo ikalia.
Akainua kikombe kitupu upande wa mashariki,
kwa nukta ambayo mimi sikuiona
na ambayo, nadhani, haikumwona.

Akanitoza vikombe viwili.
Nilikunywa kimoja.
Cha pili, Fathor akasema, ni cha herufi.